Amekufa au Amekimbia? Namna ya Kuchagua Kanuni za Vita vya Gobore Mezani

Kila anayeanza mchezo wa vita vya mezani huuliza swali lile lile: nimeshapata askari wangu wa zama za Napoleon, nimeshawapaka rangi, sasa nichukue kanuni zipi? Wakongwe nao hujibu kwa namna mbili tu. Kundi moja litakwambia chukua zilizo rahisi. La pili litakwambia chukua zenye uhalisia. Mimi nasema makundi yote mawili yanajibu kama wauza duka. Kitabu cha kanuni ni andiko. Kina msimulizi, kina mtazamo, kina watu kinaowaona na watu kinaowapita tu. Kichague kama unavyochagua riwaya: uliza kinasema nini kuhusu binadamu, halafu uliza kama kinachosema ni kweli.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, hebu nieleze kidogo. Unatandika shuka ya kijani mezani, chini yake unasukuma vitabu viwili vitatu ili viwe vilima. Juu unapanga askari wa plastiki au wa madini, wengine kimo chao hakifiki hata sentimita 3. Unapima mwendo kwa tepu na unatupa dadu kujua nani kapigwa. Sisi ni wanne, tunakutana Jumapili pale Tabata kwenye meza ya kulia chakula ya mwenzetu mmoja, na askari wakipungua tunajazia vizibo vya soda. Kinachotenganisha jambo hili na watoto kusukumana midoli ni kile kitabu: nani anasogea lini, umbali gani, anapiga vipi, na lini anashindwa.

Kama unashangaa haya yamefikaje kwenye ukurasa wa fasihi, kumbuka kwamba waandishi walifika zamani. Laurence Sterne, katika Tristram Shandy iliyotoka kati ya 1759 na 1767, ana Mjomba Toby, mwanajeshi aliyejeruhiwa kwenye mazingira ya Namur mwaka 1695, ambaye anajenga ngome ndogo uwanjani kwake na kupigana upya vita asivyoweza kuvisimulia kwa mdomo. Robert Louis Stevenson alicheza vita vya askari wa risasi na mtoto wa mkewe kule Davos miaka ya 1880. H. G. Wells alitoa Little Wars mwaka 1913, kitabu kizima cha kanuni, chenye mizinga midogo ya kurusha vijiti. Wenzetu hawa waliona kwamba kuandika kanuni za vita ni namna ya kuandika vita. Ajabu ni kwamba riwaya tunazihakiki hadi nukta ya mwisho, lakini kitabu cha kanuni tunakiuliza swali la bei na kurasa.

Sasa tuje kwenye silaha yenyewe, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo. Gobore la wakati ule, lile la gumegume, lilikuwa kazi kweli kweli. Askari anararua kwa meno karatasi iliyofunga baruti na risasi. Anatia baruti kidogo pembeni penye jiwe, inayobaki anaimimina mtutuni, anasindilia na risasi kwa mdeki, anainua, anafyatua. Aliyefundwa vizuri anapiga mara 2 au 3 kwa dakika. Mtutu ni laini ndani, risasi inatoka ikiyumba, na ukimlenga mtu mmoja aliye mbali zaidi ya mita 100 ukampata, hiyo ni bahati yako tu. Ndiyo maana walisimama bega kwa bega na kupiga kwa pamoja. Mvua ikinyesha baruti inalowa. Na baada ya kupiga mara chache moshi unafunika kila kitu, hata adui humwoni, unabaki kusikia tu wenzako wakianguka.

Katika hali hiyo, kilichoamua vita mara nyingi hakikuwa idadi ya waliokufa. Kilikuwa ni nani amechoka kusimama. Wanahistoria wa mapigano ya zama zile wamelieleza sana jambo hili: mashambulizi ya singe mara chache yaliishia kwenye kuchomana, kwa sababu upande mmoja uligeuka na kutimua mbio kabla hawajafikiana. Yaani jambo kubwa la vita vya gobore ni woga, na juhudi za kuuzuia: mistari, ngoma, bendera, sajini aliyesimama nyuma. Kitabu cha kanuni kisichojua kuandika woga hakijui kuandika vita hivi, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Hapo ndipo kundi la "uhalisia" linaponichosha. Uhalisia wao ni majedwali. Aina ya bunduki, umbali, safu ngapi, ukuta au uzio, jumlisha, toa, halafu jedwali linakwambia wamekufa 17. Siku moja mdogo wake mwenzetu, binti anayesoma fasihi chuo kikuu, alikaa pembeni akatutazama tukiondoa askari mezani kwa kanuni za namna hiyo. Akamwonyesha mmoja niliyekuwa namrudisha kwenye boksi, akaniuliza, "Kaka, huyu amekufa au amekimbia?" Nikafungua kitabu. Hakikuwa na jibu, kwa sababu kwa kitabu kile mtu ni tarakimu tu, ipo au haipo.

Swali lile ndilo nalotumia mpaka leo kupima kanuni. Mimi ni mwandishi wa habari. Miaka kadhaa nimehariri taarifa za vita zinazotoka nje, na najua sentensi ya "askari 40 wauawa katika mapigano" inavyoandikwa: haraka, bila uso hata mmoja, na bila neno kuhusu mamia waliotupa silaha na kujificha porini. Anayekulia kwenye majedwali ya maiti na taarifa za namna ile anaamini vita ni hesabu ya kutoa. Halafu siku moja anakuwa mpiga kura, au mhariri.

Stendhal alilijua hili. Alikuwa kwenye jeshi la Napoleon lililoingia Urusi 1812, na alipoandika La Chartreuse de Parme mwaka 1839 alimpeleka kijana Fabrice kwenye vita vya Waterloo. Fabrice anazurura, anaona udongo ukirushwa bila kujua ni mizinga, ananyang'anywa farasi, na mwisho hana hakika kama pale alipokuwa palikuwa vitani. Jaribu kumwingiza Fabrice kwenye jedwali. Haingii. Wapenda majedwali watakwambia eti wanatoa vita ilivyokuwa. Wanachotoa ni vita kama inavyoonekana kwenye karatasi ya karani, siku tatu baadaye.

Kundi la "rahisi" nalielewa zaidi. Watu wana kazi, foleni za mjini zinajulikana, Jumapili ina saa chache. Lakini urahisi si sifa inayojitegemea. Kanuni rahisi zimerahisisha kitu fulani, na lazima uulize ni kipi. Nyingi hurahisisha kwa kukupa utii: unataka batalioni iende kilimani, inakwenda, kila zamu, bila kunung'unika. Wengi wanaona huo ndio mchezo mwepesi. Kwangu mimi hiyo ni ndoto ya kila jemadari mbaya: jeshi lisilo na watu ndani yake.

Basi nitaje vitabu viwili vinavyosifiwa sana siku hizi, nivisome kama andiko.

Black Powder, cha Rick Priestley na Jervis Johnson, kilitoka 2009. Kinakutaka useme amri yako kwa sauti kabla hujatupa dadu. Unatamka mbele ya wenzako: kikosi hiki kitapita kushoto kwa kijiji, kitapanga mstari nyuma ya uzio. Ndipo unatupa dadu mbili. Kamanda wa kawaida ana alama 8. Ukipata 9 au zaidi, na katika michanganyiko 36 ya dadu mbili 10 iko hivyo, kikosi kinabaki pale pale kama hakijakusikia. Ukipata sita mbili, amri inaeleweka vibaya na kikosi kinaweza kwenda usikotaka kabisa. Ukipata ndogo sana, kinakimbia hatua tatu kwa mkupuo. Askari hawaondolewi mmoja mmoja. Kikosi kinabeba alama za kuumia mpaka kitetereke, kisha unapima kama kitasimama au kitavunjika. Na risasi iliyopata 6 inakivuruga kikosi kizima, ambacho hakisikii amri mpaka kijipange upya.

Huyo ni msimulizi wa kejeli, na mimi nampenda. Anamweka mchezaji mahali ambapo Tolstoy alimweka Jenerali Bagration kwenye Vita na Amani, katika mapigano ya Schöngrabern ya 1805: jenerali anayetoa amri chache mno, na kila linalotokea analipokea kwa uso wa mtu aliyelipanga mwenyewe. Ukicheza Black Powder mara tatu utaujua uso huo. Utauvaa.

Lakini kina upofu wake. Kutoka juu ya kilima cha Bagration humwoni Tushin, yule kapteni mdogo wa mizinga aliyesahaulika bila ulinzi, akaendelea kupiga kwa akili yake mwenyewe, na usiku wake akakaribia kulaumiwa kwa mizinga iliyopotea. Kwenye Black Powder, Tushin ni alama tu pembeni ya meza.

Ukimtaka Tushin, chukua Sharp Practice cha Richard Clarke, toleo la pili. Hapa huna jeshi, una watu 50 au 60, vikundi vya wanane wanane, na viongozi wenye majina unayowapa wewe. Hakuna zamu yangu na zamu yako. Kuna mfuko, ndani yake kete ya kila kiongozi, na kiongozi anafanya kazi kete yake ikitoka. Ndani ya mfuko huo huo kuna kete iitwayo Tiffin, jina la mlo mdogo wa mchana wa Waingereza wa India. Ikitoka, zamu imekwisha, na kiongozi ambaye kete yake haijatoka amekosa nafasi yake, hata kama adui yuko hatua kumi mbele ya vijana wake. Na kila kikundi kinabeba alama za mshtuko. Zikizidi kinapunguza mwendo, kinapiga vibaya, mwishowe kinageuka. Kazi kubwa ya kiongozi si kuua. Ni kuzunguka kati ya watu wake akiwatoa mshtuko, mmoja mmoja, wakati mambo yanazidi kuharibika.

Hapo swali la yule binti lina jibu. Kanuni hizi zinamtenganisha aliyeanguka na aliyekata tamaa, na zinakwambia wa pili anaweza kurudishwa kama kuna mtu wa kumrudisha. Hiyo ni kauli kuhusu binadamu. Unaweza kuipinga, ila ipo. Kasoro yake ni kwamba majina ni ya maafisa na masajini tu, wengine wote ni "kikundi". Sisi Tabata tumeongeza sheria yetu: kila kikundi lazima kiwe na askari mmoja wa kawaida mwenye jina, na akianguka mwenye kikosi anasema kwa sauti nani ameanguka. Inaongeza dakika chache tu.

Sasa nifike kwenye dhambi kubwa, ambayo wahakiki wa kanuni wanaipita kimya. Ni jedwali la tabia za mataifa. Kwenye vitabu vya Kiingereza vya miaka ya 1970 lilikuwa kama alama ya usomi. Bruce Quarrie alijulikana kwalo, na kitabu chake cha 1977 kuhusu kampeni za Napoleon kililichukulia kama jambo la kawaida. Mwingereza jumlisha, Mhispania toa. Vitabu vipya vimepunguza, lakini roho yake imebaki kwenye orodha za majeshi, ambako taifa moja linakuja limejaa sifa na jingine limejaa dosari.

Hebu tuijaribu historia yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 1806, jeshi la Prussia, lililosifiwa Ulaya nzima kwa mazoezi, lilisambaratishwa kwa siku moja pale Jena na Auerstedt. Mwaka 1815 Waprussia hao hao waliopigwa Ligny walijipanga upya na siku mbili baadaye wakafika Waterloo kuamua vita. Taifa ni lile lile, miaka tisa tu katikati. Mwaka 1808 jeshi la Wahispania chini ya Castaños lilimlazimisha Jenerali Dupont wa Ufaransa kusalimu amri na jeshi lake pale Bailén. Na tarehe 18 Novemba 1803, pale Vertières, jeshi la Dessalines, ambalo wengi wake walikuwa wametoka utumwani, liliwashinda Wafaransa wa Rochambeau, na wiki chache baadaye Haiti ikatangaza uhuru. Niambie, kwenye jedwali lako watu wa Vertières ungewaandikia alama gani kabla ya vita? Kilichobadilika katika mifano yote hii ni chakula, mishahara, makamanda, na sababu ya kupigana. Jedwali la mataifa linafuta hayo yote na kuweka damu mahali pake. Ni ubaguzi uliovaa nguo za hesabu.

Sisi tunaosoma Kiswahili hatupaswi kuhitaji somo refu hapa. Tuna Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji, ambako magobore ya kushindilia yalikuwa bado mikononi mwa wapiganaji wetu. Ile maji ilikuwa nini? Hussein anaionyesha kama neno linalounganisha makabila yaliyogawanyika, likawapa ujasiri, kisha likamzidi nguvu hata aliyelitamka. Ndani yake kuna mashaka, kuna hesabu za kisiasa, kuna watu wanaofikiri. Sasa fungua orodha za vita vya kikoloni kwenye michezo hii uone watu wa namna hiyo wanaandikwaje: washupavu, hawajali risasi, wanasonga mbele mpaka waishe. Mzungu anapewa kipimo cha moyo, maana yake ana moyo. Mwafrika anapewa sheria maalumu inayomwondolea woga, na ukimwondolea mtu woga katika vita vya gobore umemwondolea akili. Ukimwuliza mwandishi wake atakwambia amewasifia.

Najua jibu linalokuja: "Kaka, ni mchezo tu, tulia." Wells mwenyewe hakuamini hivyo. Aliandika Little Wars kwa furaha kabisa, na bado alitaka anayeicheza aone ujinga wa vita vikubwa, mwaka mmoja kabla Ulaya haijawaka moto. Na anayesema ni mchezo tu ndiye huyo huyo aliyetumia miezi sita kutafuta rangi sahihi ya kola ya kikosi cha 95 cha Uingereza. Kama kola ina haki ya kuwa sahihi, woga wa aliyeivaa unayo pia.

Kwa hiyo, ukishika kitabu kipya, usianze na picha. Nenda moja kwa moja kwenye sura inayoeleza kikosi kinavyovunjika, ndiyo sura ambayo mwandishi hawezi kujificha. Angalia kama anajua tofauti ya maiti na mkimbizi. Kisha angalia kama amri yako inaweza kukosa kutiiwa, na kwa sababu gani. Mwisho, fungua orodha za majeshi uone kama ujasiri umegawiwa kwa uzoefu na hali ya siku ile, au kwa pasipoti. Kikifeli swali la kwanza kiache dukani. Kikifeli la tatu tu, kinunue kama kingine ni kizuri, halafu chukua kalamu ya wino mweusi ufute.

Ukiniuliza mimi, mwenye askari wasiozidi 60 aanze na Sharp Practice. Mwenye mamia na marafiki watatu wa kucheka nao achukue Black Powder. Asiye na askari hata mmoja asikate tamaa: mwaka 1824 Reisswitz wa Prussia alichapisha Kriegsspiel, ambako wachezaji huandika amri zao kwenye karatasi, mwamuzi peke yake ndiye anayejua ukweli wote, na wewe unapata taarifa tu, pengine imechelewa, pengine ni ya uongo. Unahitaji ramani, penseli, na mtu mmoja mwaminifu wa kuwa mwamuzi. Ndio mchezo ulio karibu zaidi na Fabrice, na hauhitaji askari wa kununua.

Wengine wataendelea kuchagua kwa urahisi na kwa majedwali. Hiari yao. Ila wakimwondoa askari mezani na kumtupa kwenye boksi, wajue kwamba kitabu chao kimeshasema jambo kuhusu mtu huyo. Waulize kimesema nini.